Indiketa niliyodhani imepona ikaangusha lori la Mzee Mwakio

Wakuu, salamu nyingi kutoka Mwatate.

Nina miaka tisini na kidogo. Mimi nasema, mjukuu wangu Mkamburi ndiye anabonyeza simu. Sitaongeza chumvi, hata pale ukweli unaponiaibisha.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Nilikuwa kibarua shamba la mkonge, kwenye mashine ya kusaga majani tuliyoiita korona. Maji yake yalikuwa yanawasha miguu mpaka usingizi unakataa.

Mungu akanikumbuka, nikapewa udereva wa majaribio. Nikiharibu, narudi korona.

Aliyenifundisha kuendesha ni Mzee Mwakio, dereva wa lori kuukuu la shamba. Ishara yake ya kukata kona ilikuwa moja tu: mkono wote nje ya dirisha, mpaka kwapa.

Mimi nikakabidhiwa pikapu mpya. Karibu na usukani kulikuwa na kijiti cha kuonyesha kona badala ya mkono. Ukikisukuma, taa moja inawaka juu ya madigadi ya mbele, na nyingine nyuma, ambayo dereva haioni.

Nikakisukuma. Taa ikawaka, ikazima. Ikawaka, ikazima. Chini ya dashibodi kitu kinalia tik, tik, tik.

Chekeni tu. Mimi nilijua kazi ya taa ni kuwaka. Ikiwaka na kuzima, waya umelegea. Gari jipya, wiki ya kwanza, na tayari nimeliharibu!

Nilimwambia Mzee Mwakio peke yake. Naye hakuwa amewahi kuona kitu kama hicho. Akainama, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Kijana, hii haina siku nyingi."

Nikakaza kila skrubu. Nikasugua nyaya kwa msasa. Nikaipiga dashibodi ngumi. Wapi!

Wiki ya tatu nikatumwa Kasigau. Barabara ilikuwa mawe matupu, nikarushwa mpaka kichwa kikagonga paa. Wakati wa kurudi nikasukuma kijiti, taa ikawaka ikatulia. Hakuna tik.

Wakuu, nilisimamisha gari nikamshukuru Mungu kwa sauti. Taa imepona! Tangu siku hiyo nikaacha kutoa mkono. Wa nini tena?

Siku mbili baadaye tukaenda stesheni ya Voi. Mimi mbele na barua za ofisi, Mzee Mwakio nyuma na lori limejaa mkonge. Nilipofika pa kukata kulia nikasukuma kijiti, nikaiona taa ya mbele inawaka vizuri kabisa, nikakata.

Mzee alikuwa ameshaanza kunipita.

Alinikwepa, lori likaingia kichakani likalala ubavu. Akatokea dirishani, damu inamtiririka usoni.

"Mbona hukuonyesha?"

"Nimeonyesha, Mzee! Taa imewaka!"

"Taa gani?"

Mbele ya meneja tuliapa wote wawili. Kichwa kiliniuma. Najua nasema kweli, na najua Mzee Mwakio si mtu wa uongo. Sasa inakuwaje?

Nikatoka nikasukuma kijiti. Meneja akachungulia dirisha la ofisi, akaona taa ya mbele inawaka. Akamwambia Mzee aweke funguo mezani, udereva umeisha.

Hapo fundi wetu, Okoth, akazunguka nyuma ya pikapu. Balbu ya nyuma ilikuwa imekufa.

"Labda imekufa leo mkirudi, baada ya ajali," meneja akasema. Funguo zikabaki mezani.

Nikamuuliza Okoth mbona basi ya mbele imetulia hivyo.

"Hiyo tik ni kikopo. Ndani iko kipande ya chuma. Stima ikipita inapata moto, inapinda, inakata stima. Ikipoa inarudi. Lakini inataka stima ya balbu mbili. Moja ikikufa, moto haitoshi kuipinda. Ile ingine inawaka tu."

"Kwa hivyo ilipokuwa inawaka na kuzima..."

"Ilikuwa mzima."

Wiki mbili nzima nimehangaika kuponya kitu kisichoumwa, na kilipougua nikashukuru.

Ni mimi peke yangu niliyejua ilitulia siku ya Kasigau. Nikinyamaza, nabaki dereva. Nikamtazama Mzee na kile kitambaa alichofunga kichwani.

"Bwana," nikasema, "iko hivyo tangu Kasigau. Mzee hakuonyeshwa kitu."

Mzee akachukua funguo zake. Mimi nikaacha zangu. Nikarudi korona, na nililia, sioni haya kusema.

Mwaka mzima, kila lori lake lilipokata kona pale korona, Mzee Mwakio alitoa mkono mpaka kwapa na kuushikilia nje, hata kama hakuna gari lolote nyuma. Alikuwa ananionyesha mimi. Ndiye pia aliyeniombea mpaka nikarudishiwa udereva.

Nilichojifunza: kama hujui kitu kinafanyaje kazi, usifurahi kikinyamaza. Uliza.

Na mimi nauliza. Gari la Mkamburi balbu ikifa, indiketa inakimbia mbio badala ya kutulia. Kwa nini? Mafundi mlioko humu, nielewesheni polepole.

Mkamburi anasema niongeze jambo moja: akikata kona na mimi nimekaa kando yake, mkono wangu bado unatoka dirishani wenyewe.