Kitufe cha Mama Futa

Wapo wanaosema ukitaka kumjua mtu, safiri naye. Hao hawajafanya kazi ofisini. Mtu wa ofisini itazame kibodi yake tu. Mambo yake yote utayakuta huko, pamoja na makombo ya mkate.

Katika chumba kimoja cha ghorofani, chini ya feni iliyokuwa ikilalamika kutwa, walikaa karani na mpiga chapa, meza zao zimetazamana. Karani walimwita Bwana Enta. Kila akimaliza sentensi, na mara nyingi kabla hajaimaliza, alikipiga kitufe cha enta kama anayeua mbu, na ujumbe ukawa umeshaondoka. Aliwahi kumwandikia mkuu wa idara "Mheshimiwa naomba", ikaenda hivyo hivyo, na mheshimiwa akashinda akisubiri kujua anaombwa nini. Mkubwa wao, aliyekaa chumba cha ndani, aliandika kila kitu kwa herufi kubwa. Kitufe cha herufi hizo alikibonyeza siku alipoletewa kompyuta, hakuona sababu ya kukisumbua tena. Akikualika chai, unadhani umefukuzwa kazi.

Mpiga chapa ndiye Mama Futa, na hadithi hii ni yake. Kibodi yake ilikuwa imeota upara. Herufi A ilikuwa haisomeki kabisa, wakati Q na X zilikuwa mpya kama siku zilipotoka dukani, maana lugha yetu haina shughuli nazo. Lakini kilicholika kuliko vyote ni kitufe cha kufutia. Alichapa mstari, akausoma, akaguna, akaufuta. Akaanza tena.

Msimcheke. Mama huyu alianza kazi kwa mashine ya taipu, enzi ambazo kosa moja lilikulazimu kuchapa upya ukurasa mzima. Mkubwa wa wakati ule aliinua karatasi dirishani kutafuta palipokwanguliwa, na akipaona aliichana mbele ya watu. Mama wa watu alilia sana chooni. Basi zilipokuja kompyuta, wenzake waliziogopa, ila yeye alionyeshwa kitufe kinachoondoa kosa pasibaki hata doa. Akakibonyeza, akatazama, akakibonyeza tena. Tangu hapo wakawa chanda na pete.

Shida ni kwamba mdomoni hana kitufe hicho. Binti yake wa pekee, nesi katika mji mwingine, alimleta nyumbani mchumba wake, fundi umeme. Kijana alikuwa na hofu ya ukweni, na hofu yake ilitokea kwa njia ya maneno. Alimweleza mama mkwe habari za nyaya za nyumba ile kuanzia sebuleni hadi bafuni, hakuruka swichi hata moja. Mama Futa akamfuata binti jikoni, akasema kwa sauti aliyodhani ni ya chini, "Mwanangu, huyu umemwokota wapi? Redio gani hii isiyo na pa kuzimia?"

Kijana alikuwa mlangoni, ameleta vikombe avioshe. Aliviweka chini taratibu, akaaga kwa adabu zote, na adabu ile ndiyo iliyouma zaidi. Binti alichukua mkoba wake wakaondoka.

Baada ya hapo, kimya. Simu zililia bila kupokewa. Kisha mdogo wake Mama Futa akamletea habari kwamba harusi imepangwa, ni mwezi ujao, na yeye mama mdogo ameshaalikwa. Mama mzazi hajaambiwa kitu. Alipomsindikiza mdogo wake alirudi ndani akakaa kitandani na viatu miguuni. Harusi ya mwanao kuisikia kwa mdogo wako inauma, tena inauma vibaya.

Akaamua kuandika. Aliufungua ujumbe kwenye kompyuta ya ofisini, kwa kuwa kwenye simu vidole vyake vilipotea njia. "Mwanangu, nimekosa." Akaona ni fupi mno, akafuta. "Mwanangu, nimekosa, lakini na wewe..." Hapo akajiona anaanza ugomvi upya, akafuta. Akajaribu kumsifia kijana, sifa zikazidi mpaka zikanuka kejeli. Akafuta. Ikawa ndiyo kazi yake kila siku, huku barua za Mkubwa zimelala. Bwana Enta alijitolea kumsaidia, akajibiwa kwamba afadhali mtoto aendelee kususa kuliko kuandikiwa na yeye.

Asubuhi moja Mkubwa alimwita chumba cha ndani. Mama Futa aliondoka mezani akiwa ametoka kufuta aya nzima, limebaki neno moja tu, "Mwanangu". Bwana Enta akaja kwenye kompyuta ile, maana ndiyo pekee iliyounganishwa na printa. Akainama, akaona neno limekaa peke yake, na kabla akili haijafika, kidole kilikuwa kimeshafika. Baadaye aliapa kwamba hakukusudia. Mama Futa alimwamini, kwa sababu kidole kile alikuwa anakijua.

Lakini hiyo ni baadaye. Aliporudi na kuona neno limekwenda, tena limeshasomwa, alikaa.

"Umenimaliza," alimwambia.

Wote wawili wakabaki wanakitazama kioo cha kompyuta, na jibu likaingia.

"Abee mama."

Ndivyo alivyoitika tangu alipojua kusema, akiitwa kutoka uani, akiitwa kuoga, akiitwa kutumwa dukani. Siku zote zile Mama Futa alikuwa akitafuta maneno ya kumtosha mtoto, na mtoto alikuwa akisubiri kuitwa. Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Bwana Enta akageukia printa, akaanza kuichokonoa ingawa haikuwa na ubovu wowote.

Kioo kikaonyesha kwamba binti anaandika. Kikanyamaza. Anaandika tena. Kikanyamaza tena, kwa muda mrefu, na Mama Futa akaanza kucheka huku analia.

"Anafuta," alisema. "Damu yangu hiyo."

Mwishowe ukaingia ujumbe, mmoja na mfupi: "Nguo ya harusi umeshashona?"

Mama Futa alisimama. Barua ya Mkubwa ilikuwa wazi mbele yake, imeishia katikati ya sentensi, na kosa lake mstari wa pili lilionekana hata kwa mbali. Aliliona, akachukua mkoba.

"Mkubwa akiniuliza," alimwambia Bwana Enta, "mwambie nimekwenda kwa fundi wa nguo. Mwambie naozesha."