Gia ya Tatu ya Tobias

Gari lilianza kukataa gia ya tatu wiki ya pili baada ya Tobias kuzikwa. Peres alikuwa akipanda Waiyaki Way kurudi nyumbani Uthiru, vitambaa vya sare za kwaya vimejaa kiti cha nyuma, mara mkono wa gia ukaruka wenyewe ukarudi katikati. Injini ikanguruma bure. Akakanyaga klachi, akaurudisha. Ukaruka tena. Magari yaliyomfuata yakampigia honi bila huruma. Alifika nyumbani kwa gia ya pili, akilia, na hakujua kama analilia gari au mume.

Kanisani mama mmoja alimshika mkono akamwambia, "Hata gari linaomboleza, Mama Anita. Lilikuwa limemzoea mwenyewe."

Peres alicheka kidogo, lakini neno lile lilimwingia.

Lilikuwa gari kubwa la kijani, kuukuu, ambalo lilikuwa limepitia mikono ya watu watatu kabla ya Tobias. Yeye alikuwa fundi wa bomba. Siku za kazi lilibeba mabomba juu ya paa. Jumapili lilibeba akina nyanya waliokuwa hawawezi tena kupanda kile kilima cha kanisa, fimbo zao zikigongana kama kuni. Kabla ya kuwasha, Tobias alifumba macho akaomba maneno machache, akasema amina, kisha akapiga usukani kofi moja: "Haya, twende."

Peres alikuja Nairobi kutoka magharibi akiwa msichana, na cherehani ya mama yake, na hakuwahi kuota kwamba ataendesha kitu kirefu hivyo. Tobias ndiye aliyempeleka nje ya uwanja wa maonyesho wa Jamhuri, asubuhi za Jumamosi pakiwa patupu, akamfundisha.

"Usipigane na gia, Peres. Iombe tu. Ikikataa, ngoja, uiombe tena."

"Mimi huomba Mungu. Siombi chuma."

"Basi endelea kugonga ukuta wa serikali."

Sasa miezi kumi ilikuwa imepita, na gia ilikuwa imezidi kuharibika. Mkono wake ulichezacheza kama kijiko ndani ya kikombe. Akitafuta ya kwanza, anapata ya tatu; ile ya tatu yenyewe haikai. Akina nyanya walikuwa wamerudia kutembea, na wawili kati yao walikuwa wameacha kabisa kuja kanisani.

Norman, ndugu mdogo wa Tobias, alimngoja baada ya ibada.

"Shemeji, nimepata mtu wa kuchukua hilo gari. Atalifungua auze spea. Anakuja Jumamosi."

"Nani alikuambia nauza?"

"Litaruka gia mbele ya lori siku moja. Nimemzika ndugu yangu. Nikikuzika na wewe, Anita nitamwambia nini?"

Peres alitazama viatu vyake. Norman hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyeshinda hospitalini zile siku za mwisho, ndiye aliyemvalisha marehemu soksi. Lakini gari lile lilikuwa kitu cha mwisho ambacho bado kilikuwa na mikono ya Tobias: usukani uliong'aa pale aliposhika, harufu ya gundi ya mabomba kwenye viti. Nguo zake walikuwa wameshagawana jamaa.

"Nipe mpaka hiyo Jumamosi," alisema. "Fundi akiniambia giaboksi imekufa, sitabisha."

Jumanne alipoenda Ngara kununua vitambaa, alimwonyesha gari fundi mmoja wa huko. Kijana alishika mkono wa gia, akautikisa mara mbili, wala hakufungua hata skrubu.

"Mathe, hii imekufa. Tafuta giaboksi ingine, ama uwachane nayo."

Peres alirudi nyumbani akiwa kama mtu aliyesomewa hukumu. Langoni alimkuta jirani yake Stellah, msusi, akianika taulo. Alimpita bila salamu. Ndivyo walivyoishi kwa miaka miwili, na sababu yake ilikuwa mkasi. Mkasi wa fundi wa nguo haukati kitu kingine ila kitambaa. Hata karatasi haukati. Stellah aliuazima asubuhi moja apunguze pazia, akaurudisha mchana uleule. Jioni Peres alipotaka kukata sare, mkasi ukatafuna kitambaa kama mbuzi. Stellah aliapa kwamba hakukata kitu kingine. Peres alimwita mwongo mbele ya wapangaji wote wa ploti. Tobias alikuwa amesimama palepale mlangoni, na alichosema ni, "Msamehe tu, Peres. Mkasi ni chuma." Kisha akaupeleka kunolewa.

Usiku ule Peres aliomba kwa kifupi. Bwana, kama ni la kwenda, liende. Lakini nitumie mtu mmoja alifungue kwanza.

Alhamisi alimkumbuka Musili, fundi wa Jamhuri ambaye Tobias aliwahi kumtengenezea tangi la maji. Gereji yake ilikuwa chini ya mti wa jakaranda, na yeye alikuwa mzee mnene asiye na haraka.

"Huyo wa Ngara alifungua?" aliuliza.

"Hapana."

"Sasa alijuaje imekufa? Aliiuliza ikamjibu?"

Aliingia ndani ya gari, akang'oa lile ganda la mpira linalofunika mkono wa gia, akafungua nati, akauchomoa mkono wote. Chini yake, alimweleza Peres, hukaa bushi, kipete kidogo kinachoushika mkono usicheze. Bushi ikiisha, mkono haujui unaenda wapi, hata giaboksi ikiwa nzima. Akaingiza vidole, akatoa kitu kilichochanikachanika, cheusi kwa grisi. Akakipangusa kwa tambara.

Kilikuwa buluu.

"Ni slipa hii," Musili alisema, akaanza kucheka mpaka tumbo likatikisika. "Tobias! Alikata slipa akaweka bushi! Na amekata vizuri, tazama. Mviringo kabisa. Hii ameikata na mkasi mkali."

Peres alikichukua. Aliijua ile slipa. Ilikuwa yake, ya mguu wa kushoto, iliyopotea akasema ni mbwa wa ploti. Na kama mtu anayeishi kwa kukata, aliujua pia ule mkato: mrefu, safi, mkato wa mkasi wake mwenyewe.

Akakaa kwenye ngazi ya gari. Alitaka kukasirika, na kicheko kikamtoka, na katikati ya kicheko kilio kikamshika, mpaka Musili akaacha kucheka akamletea maji.

"Mama, si vibaya," alisema taratibu. "Imekusukuma muda mrefu. Mpira umeisha tu. Nakuwekea mpya."

Jioni hiyo Peres alibisha kwa Stellah, kile kipande kikiwa kiganjani. Hakujua aanzie wapi, akakinyoosha tu. Stellah alikitazama.

"Wameitoa," alisema.

"Ulijua?"

"Nilimwona nyuma ya tangi la hapa ploti, anaikata na mkasi wako. Akaniambia, 'Stellah, nitamwambia mwenyewe, nipe siku mbili.'" Alikigusa kile kipande kwa kidole. "Siku mbili zikawa miezi. Halafu akaugua. Halafu akaenda. Ningekuja kumchongea marehemu kwa mke wake?"

"Miaka miwili, Stellah. Nimekupita kama nguzo ya stima."

"Nguzo hata ungeigonga. Mimi hukunigusa." Akasogea mlangoni. "Ingia, chai iko."

"Nilikukosea. Mbele ya watu."

"Basi utaniomba msamaha mbele ya watu. Kwanza chai."

Jumamosi Norman alifika mapema, mnunuzi akiwa bado njiani. Peres alimfungulia mlango wa mbele.

"Ingia."

"Shemeji, tulikubaliana."

"Ingia, Baba Quincy. Ukishuka ukitaka liende, litaenda."

Norman akaingia, akashika kishikio cha juu ya dirisha kwa mikono miwili. Peres alifumba macho, akasema amina. Ya kwanza. Ya pili. Walipofika kwenye mpando wa barabara kuu akaomba ya tatu, nayo ikaingia kwa mlio mdogo, ikakaa. Aliondoa mkono, akauweka magotini. Gia haikusogea.

Norman aliachilia kishikio. Akaweka kiganja chake juu ya kile kifundo cha gia kilicholainishwa na mkono wa ndugu yake, akakiacha hapo muda mrefu.

"Aliweka nini humu?" aliuliza.

"Slipa yangu."

Norman akageuza uso dirishani, mabega yakitikisika, na Peres hakutaka kujua kama anacheka. Walipokaribia Kangemi alitoa simu.

"Usije," alimwambia mnunuzi. "Hapana, halijauzwa kwingine. Bado linaendeshwa."