Mkono wa Kushoto wa Dokua

Watu wa Akra hupanda mlimani kwetu siku za Jumamosi kutafuta baridi na usingizi. Hulala katika nyumba ya wageni ya kanisa, asubuhi hutembeatembea wakiusifu ukungu utadhani sisi ndio tunaoutengeneza, na ikifika saa sita wote wamejaa kwa Dokua, kwenye mabenchi yaliyolainishwa na makalio ya miaka arobaini. Kwa Dokua hakuna cha kuchagua. Kuna fufu, kuna mchuzi wa mawese wenye nyama ya ndezi aliyebanikwa, na ukichelewa kuna pole.

Fufu hiyo walikuwa wakiitwanga wawili, yeye na mumewe Kwafo. Mume alisimama na mchi mrefu. Dokua alikaa kwenye kigoda, na kila mchi ulipopanda, mkono wake wa kulia uliingia kinuni, ukaligeuza bonge la muhogo na ndizi, ukatoka kabla mchi haujashuka. Hawakuhesabu wala hawakuambizana. Wageni walikuwa wakiacha maongezi yao ili kuwatazama.

Kisha macho ya Kwafo yakaanza kumtupa mkono. Mwaka huu akawa anaona mwanga na vivuli tu. Shamba aliliacha, na bao aliacha pia, maana wenzake walikuwa wakimwibia kete huku wakimsifu kwa uchezaji mzuri, mafisadi wakubwa wale. Kilichobaki kikawa mchi.

"Huu hauhitaji macho," alizoea kusema. "Njia unaijua wenyewe."

Dokua aliijua hofu iliyokuwa ndani ya maneno hayo. Siku mchi utakapomtoka mkononi, mumewe atabaki mtu wa kuhamishwa na kiti chake kila jua linaposogea. Hilo hakutaka kuliona kwa macho yake.

Jumamosi mbili zilizopita, mchi ulipotea njia. Ulimshukia Dokua kwenye vidole viwili. Aliuma kitenge chake, akameza kilio, akasema amesukuma kigoda vibaya. Kwafo alikuwa akiimba, akaendelea. Jioni mganga wa mifupa alimfunga vidole kwa vijiti, akamwambia asiutumie mkono huo mpaka mwezi uishe.

Sasa angefanyaje? Kwetu mkono wa kushoto una kazi zake, na hazitajwi mezani. Ukimpungia mtu kwa huo umemtukana. Chakula ndiyo kabisa, hautakiwi hata kukisogelea. Dokua aliuosha mkono wake wa kushoto kwa maji ya moto na ndimu mara tatu, akamwomba Mungu radhi, kisha akauingiza kinuni. Kinu alikuwa amekwisha kukihamishia nyuma ya pazia. Mumewe alipouliza sababu, alisema jua kali. Aliona aibu kila siku, lakini aliendelea.

Jumamosi hii alikuja Bwana Larbi, mstaafu wa forodha, mteja wa miaka mingi, mtu mwema mwenye sauti ya kengele. Alipoona pazia alinung'unika.

"Jamani, mmenificha sinema yangu! Mimi kinachonipumzisha huku ni mchi ule, si kitanda cha kanisa."

Akabeba kiti chake, akafunua pazia, akaketi. Dokua alimtazama kwa macho ya kuomba. Bwana Larbi hakuyasoma.

"Mama Dokua! Kushoto? Unatugeuzia fufu kwa mkono wa kushoto?"

Mchi ulisimama hewani. Huko mabenchini mtu mmoja akasukuma bakuli lake pembeni. Hapo ndipo Bwana Larbi alipouona mkono wa kulia umelala mapajani, umefungwa vijiti.

"Nisamehe, Mama," alisema kwa sauti ndogo.

Kwafo aliulaza mchi chini taratibu. Akachuchumaa, akapapasa mpaka akaupata ule mkono, akavigusa vidole kimoja kimoja.

"Lini?"

"Si kitu, Mzee wangu. Niliteleza kisimani."

"Dokua. Lini?"

"Jumamosi ya juzi, siku ile ya kigoda."

"Na mimi nilikuwa naimba," alisema Kwafo.

"Uliimba vizuri."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeacha."

"Ningeacha, ndiyo! Ulitaka nikumalize vyote kumi?" Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini Dokua hakuwa ameficha maradhi yake. Alificha ya mwenzake, na hayo ndiyo yaliyomliza mzee yule mbele ya wageni.

Bwana Larbi aliwaendea watu wa mabenchini, akawaambia leo kula kumekwisha, nao wakaondoka mmoja mmoja bila kudai chochote. Nyuma ya pazia, Dokua alijaribu kuuinua mchi amrudishie mumewe mkononi. Kwafo aliusukuma.

"Ulikuwa unakula vipi siku zote hizi?"

"Kwa kijiko. Jikoni, ukishalala."

"Fufu kwa kijiko!" Alicheka, na kicheko hakikufika mbali. "Mke wangu mimi, anakula fufu kama mzungu. Lete bakuli."

"Sina njaa."

"Sikukuuliza njaa. Lete bakuli, unawishe mkono wangu."

Dokua alileta, akamnawisha. Kwafo alikata tonge kutoka katika fufu ile ya mwisho waliyoitwanga, akalichovya mchuzini, akaunyoosha mkono mbele, gizani mwake.

Tonge la kwanza lilimgonga Dokua kidevuni. La pili aliliinamia mwenyewe.