Simu ya Bakoly Imejaa

Bakoly muuza vitumbua hakuwa mtu wa kufuta picha. Tangu apate simu alipiga picha kila kilichopita mbele yake: kikaango cha asubuhi, nguruwe wa jirani akipiga miayo, hata kidole gumba chake mwenyewe. Kwetu wazee hawalali moja kwa moja. Kila baada ya miaka kadhaa, msimu wa baridi ukifika, tunawatoa kaburini, tunawavika hariri mpya na kucheza nao begani. Basi siku Baba yake alipotolewa, matarumbeta yanalia, ukoo mzima umepagawa kwa furaha, simu ikamwambia nafasi imejaa.

Alikuwa amemwahidi mdogo wake Sahondra, anayetunza vikongwe huko kisiwani Reunion, video ya Baba akicheza. Sahondra hakumzika Baba, alinyimwa ruhusa kazini. Na Baba akirudishwa ndani hatoki tena ila baada ya miaka.

Bakoly akaketi juu ya jiwe, akaanza kufuta. Vitumbua vikaenda. Nguruwe akaenda na miayo yake. Shemeji Jaona, aliyeanza kuonja pombe tangu alfajiri, akachungulia.

"We Bakoly! Unanifuta mimi?"

"Umefumba macho, shemeji. Zote umefumba macho."

"Lakini niko hai! Mzima wa afya nafutwa, marehemu apate nafasi?"

"Kufa na wewe basi," Shangazi Ravelo akadakia, "tukutoe, tukupige picha!"

Watu wakacheka mpaka mpiga tarumbeta akapoteza pumzi. Huku Baba anazungushiwa hariri, moja juu ya nyingine, kila mtoto na mjukuu ameleta yake. Simu bado imejaa.

Ilibaki video moja, ndefu kuliko zote: Baba kitandani, mwezi wake wa mwisho, mifupa mitupu, anauliza Sahondra yuko wapi. Bakoly hakuwahi kuituma. Mdogo wake alipouliza wakati ule, "Amekonda sana?" alimjibu, "Kidogo tu." Kuitazama tena aliogopa, kuifuta aliogopa zaidi, maana ile ilikuwa sauti ya Baba.

"Bakoly, wamemnyanyua!" Shangazi akapiga kelele.

Bakoly akabonyeza kufuta. Ikaenda.

Akaruka kutoka jiweni, machozi na kicheko vinamtoka pamoja, akacheza kinyumenyume mbele ya wabebaji. "Baba, tazama huku! Sahondra anakuona!" Akamnasa Baba kila mzunguko wa kaburi, pamoja na shemeji Jaona, safari hii macho yamemtoka pima.

Huko kilimani mtandao haupandi, kwa hiyo aliituma jioni alipofika sokoni. Akangoja huku anatafuna kucha. Mara simu ikalia. Sahondra alikuwa anacheka na kulia, na nyuma yake kikongwe fulani anauliza kuna nini.

"Dada! Dada we! Mbona Baba amenenepa hivi?"