Kadi ya Mtani

Likwata wa Mingoyo alikuwa mtu wa korosho na mihogo mpaka soko huria lilipomtia wazo la ungo wa televisheni. Aliuza korosho za msimu mmoja, akasimamisha banda la makuti, akaweka televisheni na king'amuzi, vijana wakaacha kwenda Lindi mjini kutazama mpira. Kikwazo kikawa kile kikadi kinachochomekwa kwenye king'amuzi. Bila hicho, kioo ni giza tupu, na kampuni inataka kilipiwe kila mwezi.

Ndipo akaingia Kornelio, fundi redio wa Kimakonde mwenye kibanda sokoni Lindi. Wamwera, kabila lake Likwata, na Wamakonde ni watani, na hawa wawili walipitiliza. Kornelio alimwita Likwata mtumwa, Likwata alimwita Kornelio mwizi. Siku mama yake Likwata alipozikwa, Kornelio alijilaza kaburini akaapa hatoki mpaka apewe jogoo. Watu walicheka huku machozi yanawatoka, na jogoo akaenda Lindi. Mtani akichukua chako, hakuna kesi.

"Mtumwa wangu," Kornelio alimwambia akimuuzia kadi, "hii hailipiwi tena. Chomeka, ule raha."

Likwata hakuuliza imetoka wapi. Cha dezo kitamu, naye si malaika.

Ikaja Jumamosi moja, watu wa kampuni wakaingia bandani pamoja na askari. Wakaichomoa kadi, wakaipima kwenye mashine yao, wakasema ni pacha wa kughushi. Kadi halisi ilikuwa ya mteja wa Dar es Salaam, na huyo ndiye aliyekuwa akilipa.

"Sasa huyo wa Dar alikosa picha?" Likwata akauliza.

"Hapana, aliona kama kawaida."

"Basi nimemwibia nini?"

"Umeiibia kampuni, mzee."

Likwata alikuna kichwa. Alijua wizi wa mbuzi na wizi wa korosho, lakini huu wa kuchukua kitu na mwenyewe akabaki nacho ulimshinda kabisa. "Na hiyo kampuni ni kabila gani? Isije ikawa watani zangu."

Banda likacheka. Askari, mgeni wa mikoa hiyo, hakucheka. "Nani kakuuzia?"

Likwata akaona kicheko kimemkubali, akaongeza chumvi. "Nani tena? Lile jizi langu la Kimakonde, Kornelio wa sokoni! Jizi tangu tumboni mwa mama yake!"

Watu wakashika mbavu. Askari akaandika.

"Afande, huo ni utani."

"Kwani hakukuuzia?"

"Kaniuzia."

"Basi."

Wakaondoka na ungo, yeye wakamfanya shahidi. Mahakamani maneno yake yalisomwa bila kicheko hata chembe, na mwenyewe hakuyatambua. Alisema kweli au alitania? Alijiuliza mpaka kichwa kikamuuma. Kornelio akafungwa.

Kabla hajatoka, mama yake akafariki. Likwata akaenda msibani, maana mtani asipofika maiti huzikwa kinyonge. Njia nzima alipanga matusi. Alipoingia uani akakwapua sinia la ugali, akapaza sauti: "Kizee hiki mtumwa wangu! Hakizikwi mpaka nishibe!"

Stefania, dada yake Kornelio, ambaye hajawahi kumsalimu Likwata bila kumtukana, aliinuka akafuta machozi. Akapiga goti.

"Shikamoo, baba. Karibu kiti."

Likwata akangoja tusi lifuate. Halikufuata. Akaletewa kiti cha wageni, akaletewa chai kwa mikono miwili, na vijana wa Kimakonde wakampisha kwa adabu kama anavyopishwa mtu wasiyemjua.

"Nitukaneni, jamani," akasema, sinia bado liko mkononi.

"Tutakutukanaje, baba?" Stefania akamjibu kwa upole. "Wewe ni mgeni wetu."