Petroli ya Kwenda Mamba

Gari langu la kwanza nililinunua kwa bei ya kutupa, na kwa miezi kadhaa wenzangu wa sokoni Mpanda walikoma kwa kusimuliwa. Mwenye gari alikuwa mtaalamu wa mradi, mkataba wake umeisha, anarudi kwao. Akataja bei yake, mimi nikataja nusu, akasema sawa. Nauza mitumba. Najua mteja akikubali haraka kuna kitu amekiona, na muuzaji akikubali haraka kuna kitu amekificha. Siku hiyo nilikuwa najua yote hayo, na bado nikatoa hela nikachukua ufunguo.

Alichokificha hakikuwa ubovu. Gari lilikuwa zima, refu, jeupe, la kupita popote. Ila lilitengenezwa kwa ajili ya mtu ambaye mafuta analipiwa na mwingine. Kwa kuwa kutoka kwangu Nsemulwa hadi sokoni natembea, halikunisumbua. Lilikaa uani, Jumapili naliosha, majirani wanaliona. Gari lililosimama halina ulafi.

Halafu mama akaanguka.

Mama yangu anaishi kijijini kwetu Mamba, kwenye nyumba waliyojenga na marehemu baba. Aliteleza uani akigeuza mpunga ulioanikwa kwenye turubai, akavunjika nyonga. Upasuaji ulikwenda vizuri, nashukuru, na baadaye tukakabidhiwa kwa kijana wa mazoezi ya viungo hapa Mpanda. Kijana akaukunja mguu, akaunyoosha, akatueleza bila kuzungusha. Mazoezi kila siku nyumbani, na kila baada ya wiki mbili aletwe kwake. Akiletwa bila kukosa, atatembea mwenyewe. Akianza kurukaruka tarehe, kiungo kitakaza na atakuwa mtu wa kubebwa.

Tukatoka nje. Huko ndipo mama akaniambia, "Kubebwa kwenda chooni na mke wa mdogo wako, hapana."

Nikamwomba akae kwangu mpaka apone. Alikaa siku chache, akafunga kanga zake. Nsemulwa, alisema, kila mtu ana geti na hakuna anayekuuliza umeamkaje. Yeye atapona akiwa kwake. Basi la abiria nyonga ile isingelivumilia, kwa hiyo mletaji ni mimi: nishuke Mamba kumchukua, nimlete kliniki, alale kwangu, nimrudishe, na mimi nirudi. Barabara ile ile mara nne, kwa gari la mtu aliyelipiwa mafuta.

Nilipiga hesabu kwa kalamu, kisha kwa simu, nikiombea zitofautiane. Zililingana. Mtaji wangu wa mitumba ungeisha kabla mguu wa mama haujapona. Mdogo wangu wa kiume, anayelima jirani na mama, akashauri kwa simu kwamba tumpeleke mara moja kwa mwezi, mzee ataelewa. Nilimwambia mzee ataelewa, ni nyonga ambayo haitaelewa.

Safari ya kwanza ya kumleta niliendesha kama tunavyoendesha wengi wetu barabara ile. Unakimbia mpaka kwenye shimo, unafunga breki, unatoka shimoni kwa hasira kama shimo limekutukana. Mama alikuwa kiti cha nyuma, amelala nusu, mito kila upande. Alivumilia mpaka Kibaoni. Pale akanigusa bega, akaniita kama anavyoniita mimi bintiye tangu utotoni.

"Mama, unanipeleka hospitali au unanipura?"

Mtu wa Mamba akikuambia unampura, anajua anachosema. Ameshika mashuke ya mpunga maisha yake yote akiyapiga chini mpaka yaachie punje. Nikapunguza.

Kuanzia pale nikawa naendesha kwa ajili ya nyonga. Nakanyaga mafuta polepole, kana kwamba chini ya pedeli kuna yai. Shimo nikiliona mbali, naondoa mguu mapema, gari linapungua lenyewe, tunaingia na kutoka bila breki. Sikimbilii mahali ambapo nitalazimika kusimama. Malori yakanipita, pikipiki zikanipita, na kuna baiskeli yenye mkaa ambayo, kusema kweli, ilinisumbua roho.

Ndani ya hifadhi kabla ya Sitalike kulikuwa na tatizo lingine. Ukienda taratibu na madirisha wazi, mbung'o wanapanda kama abiria wasiolipa. Ukifunga, unawasha kiyoyozi, na kiyoyozi nacho kinakunywa petroli. Tukaafikiana na mama: hifadhini tunafunga na kiyoyozi kinanong'ona kidogo, tukishatoka tunafungua na upepo ni wa bure. Mbung'o wachache walioingia mama aliwashughulikia kwa ncha ya kanga. Kila alipompata mmoja alisema "na wewe" kwa sauti ya chini, na nilifurahi kusikia bado ana ugomvi mwilini.

Tulipofika Mpanda niliangalia geji ya mafuta, nikaona imeharibika. Haikuwahi kuwa juu kiasi kile nikitoka Mamba. Nikaenda sheli, nikamwomba dada wa pale ajaze mpaka ijikate yenyewe, kama alivyojaza wakati naondoka. Risiti niliisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Gari lilikuwa limekunywa pungufu kabisa, na sababu pekee ilikuwa mama kugusa bega langu. Lakini mara moja inaweza kuwa bahati, kwa hiyo wiki mbili baadaye nikarudia vile vile. Geji ilikuwa nzima.

Tangu hapo nikawa nanusa petroli inapopotelea kama ninavyonusa noti bandia. Juu ya gari kulikuwa na keria ya chuma aliyoiacha yule mtaalamu, nzito, inakamata upepo, haijawahi kubeba kitu. Nikaivua, nikaiuza kwa fundi wa kuchomelea. Buti lilikuwa na robota la mitumba nililozoea kulitembeza kila mahali. Sasa nikawa nalishusha, labda iwe siku ya gulio huko Mamba. Upepo wa matairi nikawa naupima kabla ya kila safari, maana tairi lililolegea linavuta gari nyuma kama mtoto asiyetaka shule.

Jambo moja nilifundishwa bila mwalimu kujua anafundisha. Kwetu Mamba huwezi kumsalimia mtu mzima ukiwa ndani ya gari. Unazima, unashuka, unapiga goti kidogo, unaulizwa habari za mjini, za watoto, za biashara, na wewe unauliza za mpunga. Mimi kwa uzungu wa gari refu nilikuwa nimeanza kusalimia dirishani huku injini inaunguruma. Mama, akiwa kwenye mito yake, hakuvumilia.

"Zima, ushuke. Hao ni watu."

Kutoka barabara kubwa hadi kwa mama kuna nyumba nyingi, na kila nyumba ina mtu anayetaka kujua nyonga inaendeleaje. Zamani kwa salamu zile injini ingekuwa inaunguruma muda wote huo. Nilikuwa nalipia adabu mbaya kwa lita. Sasa nazima, nashuka, nasalimia hadi mwisho, na mara nyingine napewa mahindi.

Si kila ushauri nilioupata ulikuwa wa kushukuru. Madereva wa mjini waliniambia siri kubwa ya mafuta ni kupiga free: ukifika mteremko unatoa gia, gari linaserereka bure. Bure ni neno ambalo sijawahi kulikataa. Nikajaribu kwenye mteremko mmoja hifadhini. Gari likawa jepesi, likanyamaza, likaanza kukimbia kuliko nilivyotaka. Mbele kwenye kona, twiga amesimama katikati ya barabara, anatutazama kama karani wa ofisi. Bila gia hakuna cha kulizuia gari isipokuwa breki, nami nilizikanyaga zote. Tulisimama. Twiga akaondoka kwa wakati wake. Nyuma mama alikuwa amejikunja, ameshika nyonga. Sikupiga free tena. Fundi aliniambia baadaye kwamba magari haya ya siku hizi ukiyaacha kwenye gia mteremkoni, mguu umeuondoa kwenye mafuta, injini hainywi karibu kitu. Kumbe nilihatarisha nyonga ya mama kwa akiba ambayo ilikuwepo tayari.

Pamoja na yote hayo, hesabu zilikataa. Mwendo mzuri uliokoa sehemu yake, iliyobaki injini ikala. Mwezi wa tatu wa safari zile nilinunua robota moja badala ya mawili, na mteja wangu wa zamani aliuliza kama nafunga biashara. Kijana wa mazoezi alikuwa ameshamsimamisha mama kwenye vyuma viwili vya kushikilia, mama akapiga hatua chache, akatokwa jasho, akacheka. Hapo ndipo pa kusitisha? Nikaamua gari litoke.

Shanwe kulikuwa na mwalimu anayeuza kigari kidogo, injini ndogo, rangi ya kijivu isiyo na majivuno. Alitaka gari la kupita kwenye matope ya shamba lake. Mimi nilitaka la kupita sheli bila kusimama. Tukaanza kubadilishana kwa mazungumzo, mimi nikidai aongezee hela juu. Yeye akasema kigari chake hakijawahi kumsumbua, ni kama roho yake.

"Mwalimu," nikamwambia, "roho yako ina tairi moja kipara."

Alicheka, na mtu akicheka bei inalegea. Lakini safari hii sikumruhusu akubali haraka. Nilimwomba twende nacho mpaka Sitalike na kurudi, petroli yangu, tujaze kabla na baada, mbele ya macho yetu wote. Tulirudi, dada wa sheli akaweka pampu, na mimi nikiwa bado najiandaa kutazama, pampu ikajikata. Nilimuuliza dada kama ana uhakika. Akasema, "Mama, gari limeshiba." Nikamwambia mwalimu ukweli kuhusu langu pia, kwamba linapita popote na linakunywa kote linakopita. Akasema shamba lake liko karibu. Tukaandikishana, akaniongezea hela ya kurudisha robota langu la pili, na kila mmoja akaondoka akiamini amempiga mwenzake. Nadhani ndiyo biashara nzuri kuliko zote nilizofanya.

Mdogo wangu alipokiona kigari kule Mamba alikizunguka mara mbili bila kusalimia.

"Dada, watu watasema tumefilisika. Na mvua zikianza, hiki kitapita wapi?"

Nikamwambia siwezi kulipia matope ya mwezi wa kwanza kwa petroli ya mwezi wa nane. Matope yakija tutayalipa yenyewe. Akasema basi mama aulizwe, ndiye atakayekaa humo, na kwa mgonjwa wa nyonga gari refu ni heshima. Kwa kweli hilo lilinitia hofu. Kama mama angeumia mle ndani, akiba yote ingekuwa upuuzi, na ningerudi Shanwe kumpigia mwalimu magoti.

Mama akaletwa na fimbo zake mbili mpaka mlangoni. Lile refu alikuwa anapandishwa na watu wawili, mmoja anavuta, mwingine anasukuma, na kila mara alikunja uso. Hili aligeuka, akakishika kiti kwa mkono, akakaa. Hakuna aliyemgusa. Akaingiza mguu mmoja, akauinua ule mwingine kwa mikono yake, akauingiza. Akatutazama.

"Nyie mnasubiri nini?"

Mdogo wangu hakurudia habari ya heshima. Alienda kuleta gunia la mchele la kuniaga. Nikamwambia nusu gunia, gari dogo linahesabu kila kilo, akasema mjini kumeniharibu, akaleta nusu na kuku.

Tulikwenda hivyo mpaka mwisho wa mwaka. Sikukosa tarehe hata moja. Nasema hivyo kwa shukrani na si kwa kujisifu, kwa sababu najua wapo waliompenda mama yao kama mimi au kunizidi, na petroli ikawashinda. Biashara haikufunga. Kuna siku njiani mama alilala usingizi mzito, mdomo wazi, tangu hifadhini hadi Mpanda, na nilipomwamsha aliuliza kama tumeshaondoka. Dereva hawezi kusifiwa zaidi ya hapo.

Kisha mvua zikaja, na mdogo wangu alikuwa sahihi. Asubuhi ya kumchukua mama kwa kliniki ya mwisho nilifika mwanzo wa njia ya kwao, nikaona udongo mweusi umekuwa uji. Nilizima gari ukingoni. Nikampigia mdogo wangu, tukaanza kupanga nani atakuja na mkokoteni wa ng'ombe, nani atamshika mgongo. Nilikuwa tayari kulipa. Hata sikuuliza bei.

Katikati ya simu akaniambia nikate, nitazame mbele.

Mama alikuwa anakuja kwa miguu. Fimbo moja tu, ile nyingine hakuibeba, gauni amelipandisha magotini, anachagua pa kukanyaga pembeni kwenye nyasi. Kila nyumba aliyoifikia alisimama, akasalimia mpaka mwisho, kisha akaendelea. Mkwe wake alikuwa nyuma amebeba viatu vyake na mfuko, hakumshika. Nilitaka kwenda kumpokea, nikajizuia. Nilimngoja kando ya gari, muda mrefu, na sikuwa na haraka nao.

Alipofika aliegemea boneti, akapumua, akanipa mkono wa salamu kama mgeni, akaniuliza yeye kwanza.

"Umeamkaje, mama?"

Nikapiga goti pale pale kwenye matope, nikamwambia nimeamka salama.