Fundi Aliyepima kwa Jicho

Fundi Jicho hakuitwa hivyo kwa sababu ana chongo. Jina alilipata kwa kukataa katakata kumpima mtu kwa futi. Mteja akiingia kibandani, fundi alimtazama kutoka utosini hadi kwenye visigino, akamwambia ageuke, akamtazama tena, halafu akachukua chaki na kuanza kuchora kwenye kitambaa. Futi ilikuwepo, ile laini ya rangi ya njano, lakini ilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango ikila vumbi. Ukimwuliza kwa nini haishiki, alikujibu kwamba futi ni ya wanafunzi.

Tuseme ukweli, jicho lenyewe halikuwa baya. Ila lilikuwa na ulimi wa kulisaidia. Sare ya shule ikimpwaya mtoto, fundi alimwambia mama yake, "Huyu si anakua? Au unataka tuonane kila mwezi?" Suruali ikimbana bwana fulani, alimpiga bega na kumpongeza kwa kuoa mpishi hodari. Watu waliondoka wakicheka, na mtu akishacheka huona aibu kurudi kulalamika. Jina likaenea, na kichwa cha fundi kikavimba taratibu.

Shahidi wake mkuu alikuwa mke wake. Kila mwaka fundi alimshonea gauni moja la maana, bila futi, bila kulijaribisha katikati ya kazi, na kila gauni lilipovaliwa lilimkaa barabara. "Mwulizeni mama watoto kama jicho hili limewahi kukosea," aliwaambia wateja. Mama watoto, kama alikuwa ameketi pale akitia vifungo, aliinua uso na kusema, "Halijawahi." Kisha alirudi kwenye vifungo vyake.

Watoto wao walikuwa wakubwa, kila mmoja na nyumba yake, na nyumba ya wazee ilikuwa na ukimya wa kuchosha. Ndipo mbwa jike asiye na mwenyewe alipoingia kibandani siku ya mvua, akajikunja chini ya meza ya kukatia, juu ya vipande vya vitambaa, akazaa. Fundi alifoka. Alisema pale ni mahali pa kazi, si zizi. Mke wake hakubishana naye. Alikwenda kuleta uji na gunia safi, na huo ukawa mwisho wa mazungumzo.

Watoto wa mbwa walipoanza kutembea, majirani waliwachukua, wakabaki wawili na mama yao. Mmoja alikuwa mwekundu mwenye fujo, mla viatu, mke wa fundi akamwita Mkorofi. Mwingine alikuwa mweusi, mpole, mwenye doa jeupe la mviringo katikati ya kifua, akamwita Kifungo. Kifungo alimfuata mama huyo hadi bafuni na kumngoja nje ya mlango akilia. Kila aliyekuja kumwomba alijibiwa, "Huyu hapewi mtu. Huyu ni wangu." Fundi alimtania kwamba amepata kitinda mimba uzeeni, naye alicheka, cheko ambalo mumewe hakuwa amelisikia tangu mtoto wao wa mwisho ahame.

Dada yake alipofanyiwa upasuaji, ilibidi mke wa fundi aende kumuuguza. Asubuhi ya kuondoka alikuwa na begi mkono mmoja na Kifungo mkono mwingine. Aliweka begi chini, akamgeuza Kifungo chali, akambonyeza tumbo kwa kidole.

"Baba, hebu mwone huyu. Tumbo limekuwa gumu, manyoya yamekosa nuru. Nadhani ni minyoo. Mpeleke kwa daktari wa mifugo, yule dada wa karibu na soko. Ana mizani, atampima na kumpa dawa inayomfaa. Na mwenzake pia."

"Nitampeleka."

"Usiseme tu."

"Mama, nenda ukamwone mgonjwa wako. Hawa niachie mimi."

Alisema hivyo kwa moyo safi, hilo lazima asemewe. Lakini shule zilikuwa karibu kufunguliwa, na kibanda kilijaa vitambaa vya sare mpaka hakuna pa kuweka mguu. Tena kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia mtu. Aliona haya. Mtu mzima mwenye mvi zake, apite barabara nzima amebeba mtoto wa mbwa kifuani, wauza viatu wakimwangalia! Kesho, alijiambia. Ikaja kesho na ikapita.

Kisha Kifungo akaanza kuhara. Mwanzo ulikuwa uharo laini, baadaye ukawa maji yenye ute na harufu ya kukufukuza ndani. Siku moja fundi alikuta humo minyoo, myeupe na mirefu, imejikunja kama uzi uliochomoka kwenye bobini ya cherehani. Ilikuwa bado inajongea.

Hapo mtu mwingine angetupa mkasi na kukimbia sokoni. Fundi Jicho alianza kufikiri, na kufikiri kwake ndiko kulikomponza. Aliona kwamba anayetoa maji hafai kuongezwa maji, akaondoa bakuli la maji. Kuhusu minyoo, alikumbuka kwamba jirani yake muuza maziwa ana mbuzi, na mbuzi hupewa dawa ya minyoo.

Muuza maziwa alimpa chupa iliyobakia nusu, lakini akaishikilia kidogo kabla ya kuiachia.

"Fundi, hii ni ya mbuzi. Inapimwa kwa uzito. Mbuzi wangu mkubwa nampa vifuniko vitatu vya hii chupa. Kwa mbwa sijui."

"Uzito nitauona mwenyewe," fundi akajibu. "Unasahau unaongea na nani?"

Wote wawili wakacheka.

Asubuhi aliwaweka watoto wa mbwa juu ya meza ya kukatia, akarudi hatua moja nyuma, akafumba jicho moja. Aliona tumbo lililojaa, kifua kipana, shingo nene yenye manyoya. Mnyama mzito huyu, akasema moyoni. Akakata shauri: kifuniko kimoja kimoja, wagawane sawa.

Mkorofi alianza kwa kumwuma kidole. Alipobanwa taya akatikisa kichwa, dawa yote ikaishia kwenye shati la fundi na kwenye sare mpya ya mtoto wa watu. Fundi alimtukana, akamtupa chini, akaapa kumrudia baadaye. Kifungo hakuleta taabu. Alifungua mdomo alipoguswa, akameza hadi tone la mwisho, kisha akaramba kidole gumba cha fundi polepole akimtazama usoni. Fundi akampangusa mdomo kwa kipande cha kitambaa na kumsifu, "Wewe ndiye una adabu."

Alirudi kwenye cherehani. Hakuwa amemaliza hata kola moja aliposikia kitu kikigonga mguu wa meza, kigonge, kinyamaze, kigonge tena. Aliinama. Kifungo alikuwa amelala ubavu, miguu ikitikisika na kugonga ubao, povu likimtoka mdomoni. Macho yalikuwa wazi. Mama yake alikuwa amesimama pembeni akimnusa na kurudi nyuma, akimnusa na kurudi nyuma.

Sasa ile aibu yote aliyokuwa nayo iliisha. Fundi Jicho alitoka mbio na kandambili moja, mtoto wa mbwa kifuani, akapita mbele ya wauza viatu na wauza mboga bila kumwona hata mmoja. Wengine walimwita kwa jina lake wakidhani anakimbiza mwizi. Alifika kwa daktari hana pumzi.

Daktari wa mifugo alikuwa dada mwenye umri wa binti yake wa mwisho, amevaa mabuti ya mpira. Hakuuliza maswali mengi. Alimfunua Kifungo mdomo na kutazama ufizi, nao ulikuwa mweupe hauna damu. Akamweka kwenye mizani ya mezani ili apate kipimo cha sindano, na fundi akauona mshale. Ulisogea kidogo tu, ukatulia karibu na sufuri. Fundi alidhani mizani imeharibika. Alitaka hata kusema hivyo.

Sindano ilichomwa. Daktari alimshika Kifungo kwa mikono miwili, kidole kikisikiliza moyo, kwa muda ambao fundi aliona haufiki mwisho. Kisha akamlaza juu ya gazeti na kuifunga midomo yake taratibu.

"Amekwenda, mzee."

Fundi alimpapasa Kifungo kwenye lile doa jeupe la kifuani.

"Ulimpa nini?"

Alimwambia. Alimwambia mpaka habari ya bakuli la maji. Daktari alivua glavu huku akitazama sakafu, kama mtu anayetafuta maneno yasiyoumiza na hayaoni.

"Mtoto wa mbwa mwenye minyoo anadanganya macho, mzee. Lile tumbo ni minyoo na hewa. Ndani ni mifupa mitupu. Na anayehara anapoteza maji, huyo ndiye wa kupewa maji mara kwa mara, kidogo kidogo. Dawa ya mbuzi ina nguvu nyingine kabisa. Ungemleta tu."

"Ningemleta tu," fundi akarudia.

Alirudi nyumbani na Kifungo kwenye gazeti, akamzika nyuma ya nyumba, amemfunga katika kipande cha hariri alichokuwa amekitunza kwa ajili ya gauni la mke wake la mwaka ule. Halafu alimbeba Mkorofi, akamvuta mama yake kwa kamba, akaenda sokoni. Safari hii alisimama kwenye foleni. Mkorofi alipimwa, akapewa dawa yake tamu kwa bomba lisilo na sindano, akaandikiwa siku ya kurudi, kwa maana minyoo michanga hukomaa baadaye na dozi moja haitoshi. Mama naye alipewa, kwa kuwa yeye ndiye aliyewaambukiza wanawe tangu tumboni na kwenye maziwa. Fundi alichoma magunia waliyolalia, akaokota kinyesi chote uani, akasugua sakafu kwa maji ya moto. Alifanya kila kitu alichoambiwa, tena kwa bidii, na kila alipomaliza kimoja aliona jinsi kilivyokuwa chepesi. Hilo ndilo lililomkata maini.

Mke wake aliporudi alisimama mlangoni na begi lake, akapiga mluzi. Mkorofi akaja mbio. Akapiga tena.

Fundi alikuwa amejiandalia maneno, tena mazuri, kuhusu ugonjwa na kudra. Alipouona uso wa mkewe akayaacha. "Nimemuua," akasema. "Sikumpeleka. Nilimpa dawa ya mbuzi, nikakadiria kwa jicho."

Mwanamke aliketi juu ya begi. Alilia bila sauti, akijifuta kwa ncha ya kanga, na Mkorofi akamvuta kanga hiyo kwa meno akidhani ni mchezo. Fundi alitamani atukanwe. Alikuwa amejiandaa hata kwa kufukuzwa alale kibandani. Lakini mke wake aliinuka tu, akauliza amezikwa wapi, akaenda nyuma ya nyumba peke yake.

Siku zilipita wakizungumza mambo ya chumvi na ya mkaa. Kisha mke wa fundi alinasa gauni lake kwenye msumari, likachanika pindo. Alilileta kibandani, akaliweka juu ya meza na kuondoka. Lilikuwa gauni la bluu, la mwaka uliopita, ambalo fundi alijisifia nalo kwa kila mteja. Akaligeuza ndani nje ili aanze kazi.

Pembeni ya mshono wake wa cherehani kulikuwa na mshono mwingine. Ulikuwa wa mkono, wa uzi wa bluu uleule, wenye michomo midogo iliyonyooka, umeshuka kutoka kwapani hadi kiunoni, pande zote mbili. Mabegani napo kitambaa kilikuwa kimefumuliwa na kuingizwa upya. Fundi aliondoka akaenda chumbani, akafungua sanduku la mke wake, akatoa gauni la kijani na kuligeuza. Akatoa la maua. Akatoa lile la zamani kabisa, la mwaka waliooana, lililofifia rangi. Yote yalikuwa na mshono ule wa mkono.

Mke wake alimkuta ameketi kitandani katikati ya magauni yaliyogeuzwa ndani nje.

"Yote?" fundi akauliza.

"Yote."

"Hata hili la kwanza?"

"Hilo lilinipwaya mno," akasema, na kidogo akatabasamu. "Nilirekebisha wiki nzima ukienda kazini."

"Kwa nini hukuniambia?"

Alilichukua gauni la kwanza, akalikunja. "Ulikuwa unafurahi sana ukiniona nimelivaa. Nikaona si neno, ni uzi tu." Akalirudisha sandukuni. "Ningekuambia, baba. Ningekuambia mapema, Kifungo angepelekwa kwenye mizani."

Fundi alitaka kumkatalia, kumwambia kosa ni lake peke yake. Badala yake aliinuka, akaenda kibandani, akaitoa futi nyuma ya mlango na kuikung'uta vumbi. Aliporudi alimwomba mkewe asimame karibu na dirisha. Mke wake aliiangalia ile futi, akaelewa, akainua mikono.

Alimzungushia kifuani, akasoma. Akamzungushia kiunoni, akasoma, akadhani ameshika vibaya, akazungusha tena. Chini ya kitambaa vidole vyake vilikuwa vinagusa mbavu.

"Vipi?" mke wake akauliza.

"Umepungua."

"Najua."

"Umepungua sana, mama. Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana," akasema kwa upole. "Nilidhani umeona."

Fundi alibaki ameishikilia futi kiunoni mwa mke wake, hataki kuiachia. "Kesho asubuhi tunakwenda hospitali," akasema. Na kesho yake, kabla kibanda hakijafunguliwa, walikwenda.